Mwiteni Mgombea wa Wadi Mkae Naye

Ndugu zangu wapiga kura wa Kenya, Agosti 2027 kila mmoja wetu atakabidhiwa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Ile ya rais hubishaniwa vijiweni miaka mingi kabla. Ya mwakilishi wadi wengi huitia alama kwa kutazama rangi ya chama tu, ile kura ya suti, toka juu mpaka chini, hata kama anayechaguliwa hajaonekana kijijini akitembea kwa miguu. Jambo hili linatuumiza, na dawa yake tunayo wenyewe. Tuwaite wagombea wa wadi, tukae nao uso kwa uso, tuwahoji.

Mgombea urais humfikii. Humwona juu ya gari akipunga mkono, na hujapata kuuliza neno msafara umekwisha kuondoka. Wadi ni mambo mengine. Mwaka 2022 waliosajiliwa kupiga kura walizidi milioni 22, na wadi ni 1,450. Gawanya, utapata wastani wa watu elfu kumi na tano hivi kwa kila wadi. Wagombea wakiwa wengi, kura elfu chache hutosha kumpa mtu kiti cha miaka mitano. Anayetafuta kura chache hivyo hawezi kuupuuza mwaliko wa chama cha akina mama au cha waendesha bodaboda.

Na kiti chenyewe si kidogo. Tangu Katiba ya 2010, bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya kaunti na kumchunguza gavana. Zahanati isiyo na dawa, chekechea isiyo na mwalimu, soko lisilo na choo, yote hayo ni mambo ya kaunti. Polisi si wa kaunti, wala shule ya upili. Basi mgombea wa wadi akikuahidi kuajiri walimu wa sekondari, ama haijui kazi anayoiomba ama anakudanganya, na kwa vyovyote umeshajua la kufanya.

Nawasihi msimwulize, "Utatufanyia nini?" Swali hilo ndilo mama wa uongo wote wa kampeni, maana jibu lake halina mwisho. Mwulizeni hivi: fedha zikitosha barabara moja tu, ni ipi itakayosubiri? Hapo atalazimika kumnyima mtu mbele ya watu, nanyi mtaona kama ana msimamo au ana maneno matamu tu. Anayetetea kiti chake mwulizeni alikuwa katika kamati gani, na alisema nini bajeti ilipojadiliwa. Vikao vya bunge la kaunti hufanywa wazi na maneno yake huandikwa. Akijisifu, majibu yake yanaweza kupimwa.

Wapo watakaosema mjanja atatudanganya hata ana kwa ana. Kweli, akikutana na mtu mmoja mmoja kando ya nyumba atamwambia kila mmoja analopenda kusikia. Ndiyo maana nasema baraza, na wagombea wote waitwe siku moja. Tunasema ahadi ni deni, lakini deni lisilo na shahidi nani atalidai? Liwe mchana, si usiku, ili akina mama wanaoteka maji na kupeleka watoto zahanati wawepo na waulize wao kwanza. Tena bahasha na leso zibaki garini: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humshika anayetoa hongo pamoja na anayepokea, na aliyekwisha kupokea huona haya kuuliza.

Msingoje Agosti. Mahali chama kimoja kina nguvu, kiti huamuliwa kwenye mchujo wa chama, na siku ya uchaguzi mkuu huwa ni kuthibitisha tu. Mwaka 2022 vyama vikubwa vilifanya mchujo wao Aprili. Kwa hiyo vikundi vyetu viandike mialiko mwezi Januari, wagombea wakiwa bado wanatafuta mtu wa kuwasikiliza, na mwaliko mmoja apelekewe kila anayetaka kiti, hata yule tunayedhani hana chama wala fedha.