Amplifaya ya Shule Ichaguliwe kwa Sikio, si kwa Kimo

Miaka michache iliyopita nilialikwa na chama cha Kiswahili cha shule moja ya sekondari kwenda kuzungumza na wanafunzi kuhusu lahaja. Baada ya hotuba, kama ilivyo desturi, wanafunzi wa chama cha muziki waliombwa wamtumbuize mgeni. Vijana watano walipanda jukwaani. Wawili walishika magitaa ya umeme, mmoja gitaa la besi, mmoja aliketi kwenye ngoma na mmoja akawa mwimbaji. Nyuma yao palikuwa na amplifaya nyeusi iliyofika kifuani mwa mtu mzima, na magitaa yote matatu yalikuwa yamechomekwa humo. Mwalimu wao alininong'oneza kwa fahari kwamba chombo hicho kilikuwa cha wati 200 na kwamba wazazi walikichangia kwa mihula miwili.

Wimbo ulikuwa wa benga. Nasema hivyo kwa kuwa niliambiwa hivyo. Kilichonifikia masikioni kilikuwa mngurumo mmoja mzito. Sikuweza kulitenga gitaa la solo na lile la ridhimu, na kila besi ilipogusa noti ya chini spika ilitoa mlio wa turubai linaloraruka. Vijana wale walikuwa hodari. Vidole vyao niliviona vikikimbia juu ya nyuzi, ila sikuweza kuvisikia.

Kisa hicho hunirudia kila ninaposikia kwamba shule fulani imo mbioni kununua vyombo vya muziki. Mtaala wa umilisi umeiweka sanaa, pamoja na michezo, kuwa mmojawapo wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Ni hatua ya kupongezwa, lakini heri yake itategemea jinsi fedha zitakavyotumiwa. Rai yangu ni kwamba aghalabu shule hununua amplifaya kubwa mno, ghali mno, na isiyofaa muziki ambao wanafunzi wake huupiga. Kamati za ununuzi zingeanza kwa kuuliza ni mtindo gani utakaopigwa, zingetumia fedha kidogo na kupata sauti bora.

Sehemu ya kosa hili imo katika lugha yenyewe. Neno "kipaza sauti" tumelibebesha mzigo mzito. Maikrofoni huitwa kipaza sauti. Spika iliyo juu ya gari la mwanasiasa huitwa kipaza sauti. Na mtambo unaoikuza sauti hiyo nao huitwa vivyo hivyo. Kwa msemaji wa kawaida hapana hasara. Kwa kamati ya ununuzi hasara ipo, maana anayeagiza kipaza sauti cha gitaa huenda akaletewa mtambo wa kuhutubia mkutano wa hadhara. Kwa sababu hiyo nitatumia neno la mitaani, amplifaya, nikimaanisha chombo kinachopokea umeme dhaifu kutoka kwa gitaa, kikaukuza, kisha kikautoa kwa spika yake ukiwa sauti.

Tofauti ya vyombo hivyo viwili naweza kuieleza kwa somo langu mwenyewe. Mwanafunzi wa fonetiki hufundishwa kwamba nyuzi za sauti zilizomo kooni hutoa mvumo tu. Kinachoufanya mvumo huo uwe "a" au "i" ni umbo la kinywa, ambalo hukuza baadhi ya masafa na kufifisha mengine. Mtu anaweza kuziimba irabu hizo mbili kwa noti ile ile na kwa nguvu ile ile, na bado hakuna atakayezichanganya. Gitaa la umeme ni koo lisilo na kinywa. Amplifaya ndiyo kinywa chake. Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi masafa yote: kwa kawaida nguvu yake hushuka sana baada ya hezi 5,000 hivi, na upungufu huo ndio huiondolea sauti ukali. Mtambo wa kuhutubia hukusudiwa utoe masafa yote bila upendeleo. Ndiyo maana gitaa la umeme likichomekwa humo moja kwa moja husikika likiwa kavu na lenye kukera. Kuchagua amplifaya, basi, ni kuchagua lafudhi ambayo gitaa litazungumza.

Tuanze na wati, maana ndizo humpumbaza mnunuzi. Sikio la binadamu halipimi nguvu kwa kujumlisha. Ukiongeza wati maradufu, tuseme kutoka 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji asiye makini huenda asiitambue. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu, nguvu sharti iongezwe takriban mara 10. Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 haina kishindo mara kumi ya ile ya wati 10. Ni kama mara mbili hivi. Isitoshe, spika zenyewe hutofautiana kwa wepesi wa kuitikia umeme. Spika yenye kuitikia kwa desibeli 3 zaidi ya nyingine itahitaji nusu tu ya wati ili kutoa sauti iliyo sawa. Anayelipia wati bila kuuliza habari za spika ni kama anayenunua gari kwa ukubwa wa tangi la petroli.

Sasa tuitazame mitindo yenyewe. Muziki wa benga ulichipuka pale wapigaji wa Kijaluo walipouhamishia katika gitaa mdonoo wa nyatiti, ala ya nyuzi 8. Msikilize D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz: noti hufuatana mbiombio, na kila moja imesimama peke yake kama punje ya mtama. Rumba ya Kongo, pamoja na ile ya Kiswahili iliyopigwa Nairobi na Simba Wanyika na Les Wanyika, hufumwa kwa magitaa mawili au matatu yanayopishana bila kukanyagana. Mitindo hii yote inadai sauti safi. Hapa wati zina kazi yake, kwa kuwa usafi hupatikana pale amplifaya isipolazimishwa kufikia ukingo wa uwezo wake. Hata hivyo, amplifaya ya transista ya wati 40 hadi 60, yenye spika moja ya inchi 12, hutosha ukumbi wa kawaida wa shule. Wapo wanaodhani kwamba transista ni duni na kwamba sauti njema hutoka kwa valvu tu, zile taa za kioo zilizokuwamo katika redio za zamani. Roland Jazz Chorus JC-120, iliyotoka Japani mwaka 1975, ni ya transista, na sifa yake kuu ulimwenguni ni usafi wa sauti. Bei yake inazishinda shule nyingi, lakini funzo lake ni la bure.

Mambo hugeuka kwa vijana wanaopenda roki na bluzi. Sauti ya mitindo hiyo ilitokana na kile ambacho fundi angekiita hitilafu: wapigaji waliongeza sauti ya amplifaya za valvu hadi ikapasuka, wakaupenda mpasuko ule. Jim Marshall alipoanza kutengeneza amplifaya jijini London mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianzia katika mfano wa Fender Bassman ya Marekani, na wapiga roki wakamshikilia awape nguvu zaidi. Yale makabati marefu tunayoyaona katika picha yalikuwa ya kumbi kubwa, enzi ambapo mitambo ya ukumbini haikuweza kuyabeba magitaa. Kijana wa leo aliye katika chumba cha muziki anahitaji kinyume chake. Amplifaya ndogo ya valvu ya wati 5, au ya transista ya wati 10 hadi 20, itampa mpasuko autakao bila kuvuruga somo la hisabati katika darasa la jirani.

Gitaa kavu, yaani lile lisilohitaji umeme, lina sharia yake. Omutibo wa Magharibi mwa Kenya, mtindo ambao George Mukabi aliupa umaarufu kabla ya kifo chake mwaka 1963, na upigaji wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, hutegemea mlio wa mbao. Amplifaya ya gitaa la umeme huuficha mlio huo. Maikrofoni ya kadiri iliyowekwa mbele ya tundu la gitaa, na kuunganishwa na ule mtambo wa kuhutubia ambao tayari uko shuleni, itafanya kazi nzuri zaidi, na gharama yake ni ndogo mno.

Besi nayo isisahauliwe. Noti zake za chini husukuma spika mbele na nyuma kwa nguvu ambayo spika ya gitaa haikuumbiwa. Ule mlio wa turubai niliousikia ulikuwa mlio wa spika inayokufa. Katika benga besi ni nusu ya wimbo, kwa hiyo shule yenye fedha kidogo ni afadhali inunue amplifaya ya besi kwanza. Gitaa likipigwa kwa amplifaya ya besi husikika limepoa kidogo, ila haliharibu kitu. Besi ikipigwa kwa amplifaya ya gitaa huweza kuiua.

Ipo shule ambayo wanafunzi wake hupiga kila mtindo, leo injili na kesho roki. Kwa hiyo ziko amplifaya za kidijitali zinazoiga sauti za aina nyingi. Boss Katana 50, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, ni mfano mwema: ina sauti safi na za mpasuko, na nguvu yake inaweza kushushwa hadi nusu wati kwa mazoezi. Tahadhari yangu ni kwamba wingi wa vitufe huwapotezea vijana wakati. Mwalimu achague sauti mbili au tatu, azihifadhi, kisha darasa lirejee kwenye muziki.

Kuhusu bei, mitumba ni mkombozi wa wengi, lakini ina mtego. Umeme wetu ni wa volti 240. Vyombo vilivyouzwa awali nchini Japani vilitengenezwa kwa volti 100, na vile vya Marekani kwa volti 120. Ukikichomeka chombo kama hicho ukutani hapa Kenya bila transfoma ya kushusha umeme, kinaweza kuungua papo hapo. Soma kibandiko kilicho nyuma kabla ya kutoa hata shilingi, na ukilazimika kununua transfoma, ijumlishe katika bei. Vilevile, mvumo usiondolewe kwa kukata waya wa ardhini, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa njiani. Kijana ashikaye nyuzi za chuma huku midomo yake ikigusa maikrofoni anaweza kupoteza maisha kwa sababu ya waya huo mmoja.

Kabla ya kulipa, mwalimu aende dukani na gitaa la shule pamoja na mwanafunzi atakayelipiga. Vitufe vyote viwekwe katikati. Mwanafunzi apige kipande cha wimbo wanaoufanyia mazoezi, kwa sauti ya chini, kisha iongezwe taratibu hadi ipasuke, ili mwalimu ajue ukingo uko wapi. Halafu gitaa linyamazishwe na mvumo usikilizwe. Kila kitufe kizungushwe, na kikikwaruza, bei ijadiliwe upya. Zoezi hili halizidi dakika ishirini, na mwuzaji asiyeliruhusu hafai kupewa fedha za wazazi.

Najua wapo watakaosema kwamba shule zetu zina upungufu wa madawati na maabara, na kwamba mjadala wa amplifaya ni anasa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini fedha za amplifaya hutolewa hata hivyo, na hutolewa na wazazi wale wale walionunua madawati. Uhaba ndio unaotudai tununue kwa busara. Pana pia hasara isiyohesabika kwa shilingi. Mtoto anayejifunza benga kupitia chombo kisichoweza kuitamka benga atahitimisha kwamba muziki wa babu yake ni kelele, na hatuwezi kumlaumu.

Siku ile shuleni, baada ya wageni kutawanyika, mwanafunzi mmoja alitoa stoo amplifaya ndogo ya wati 15 iliyokuwa imefunikwa kwa vumbi. Mpiga solo alichomeka gitaa lake na kuurudia wimbo ule ule. Mwalimu aliyekuwa akikusanya viti alisimama, kiti mkononi, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa nini hawakuitumia hiyo tangu mwanzo. Nilimjibu kwamba swali hilo alipaswa kuulizwa na kamati kabla ya mihula miwili ya michango. Walimu na wanafunzi wanaosoma makala haya wangali na nafasi ya kuliuliza mapema.