Umeme wa Karakana ya Kuchomelea Nyumbani

Askari anapokaribia kustaafu, wazo la kufungua karakana ya kuchomelea vyuma uani kwake humjia mapema. Milango, madirisha na vitanda vya chuma havikosi wanunuzi. Kwa kawaida huanza kwa kutafuta mashine. Yafaa kwanza autazame umeme wa nyumba yake.

Sajini mmoja wa polisi, mkazi wa Jinja, alitumia kiinua mgongo chake kununua mashine ya transfoma, ile nzito yenye nyaya zilizosokotwa, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, limekuwa likitoa umeme jirani na mji huo tangu 1954, naye hakudhani kwamba umeme ungempungukia. Aliichomeka mashine katika soketi ya sebuleni. Fyuzi ilipokatika mara ya tatu, aliweka kipande cha waya mnene mahali pake. Jioni ile bibi yake alisikia harufu ya plastiki ikiungua juu ya dari ya chumba walimolala watoto, akakimbilia swichi kuu, akaizima. Watoto walisalimika. Jokofu ambamo mama huyo alihifadhi maziwa ya kuuza halikuwaka tena.

Hesabu yake ni fupi. Soketi ya kawaida hutoa ampea 13, yaani wati zipatazo 3,000 kwa umeme wa volti 240. Mashine ya transfoma ikitumia kijiti cha milimita 2.5 huvuta ampea kama 20, na kwa kijiti cha milimita 3.2 hufika 27 au zaidi. Mashine ya inveta, iliyo nyepesi hata kubebwa kwa mkono mmoja, hutosheka na ampea 14 hivi kwa kijiti kile chembamba, nacho chatosha madirisha na milango mingi. Hata hivyo haifai kuchomekwa sebuleni. Fundi umeme mwenye leseni aiwekee njia yake peke yake kutoka kwenye mita: waya wa milimita 6 za mraba, swichi ya kujikata yenyewe, na waya wa ardhini.

Transfoma nayo ina sifa zake. Huvumilia vumbi na matumizi mabaya, na ikiungua mafundi wa mjini huweza kuisuka upya. Inveta huuawa na unga wa chuma utokao kwenye jiwe la kusagia, hivyo isiwekwe karibu nalo. Mwenye kazi nyingi na vyuma vinene aombe umeme wa fezi tatu, wa volti 415, kabla ya kununua mashine kubwa.

Jenereta humfaa anayeishi mbali na nguzo za umeme, au anayeitwa kuchomelea nje. Kwa inveta na kijiti cha milimita 2.5 isipungue KVA 5; kwa transfoma ni KVA 8 hadi 10. Injini hupungukiwa nguvu katika nchi za juu: Kampala hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi, na Kabale, karibu meta 2,000 juu ya bahari, takriban maradufu ya hapo. Petroli nayo huliwa kila saa, pesa ziingie zisiingie. Moshi wake huua bila harufu ya kuonya, kwa hiyo jenereta haiwashwi ndani ya nyumba wala chini ya dirisha la chumba cha kulala, hata mvua inyeshe.

Jua na betri zafaa kwa taa za karakana. Kuuendesha moto wa kuchomelea kwa njia hiyo bado ni gharama kubwa kwa anayeanza.

Sajini aliiuza transfoma yake kwa fundi mwenye umeme wa fezi tatu, akanunua inveta ndogo. Huchomelea asubuhi, kabla majirani hawajawasha majiko na umeme kulegea. Malipo ya mlango wa kwanza yalinunua jokofu.