Sambaza wa Agosti

Muhula uliopita darasa letu lilifanya mdahalo kuhusu utunzaji wa mazingira. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba wavuvi wa Ziwa Kivu ni watu wasiojua kesho. Serikali inawafungia ziwa miezi miwili tu katika mwaka, alisema, na hata hiyo miwili inawashinda: usiku wanaiba, asubuhi wanauza. Darasa zima likapiga makofi. Mimi nilinyamaza, ingawa ni binti wa Rubavu niliyelipiwa karo kwa sambaza tangu darasa la kwanza.

Nilinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aibu ya kawaida ya mtoto wa mvuvi anapokaa kati ya watoto wa maofisa. Ya pili nimechukua muda mrefu kuikiri: Agosti iliyotangulia mdahalo ule, ziwa likiwa limefungwa, mimi mwenyewe nilikuwa nimekula sambaza waliovuliwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilijua ninachokula. Na ninavyowafahamu wenzangu waliopiga makofi, sikuwa peke yangu.

Kwa wasiotoka kwetu, naomba nieleze kidogo. Sambaza ni samaki wadogo, urefu wa kidole au kuzidi kidogo, wanaoliwa wazima, kichwa na mkia. (Walimu wangu watafurahi kwamba nimeandika “sambaza wa”; sokoni Gisenyi tunasema “sambaza za”, na hakuna muuzaji aliyewahi kukosa mteja kwa kosa hilo la ngeli.) Hawakuwapo Kivu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa letu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Kwa sikio la Mswahili jina lao ni amri, nao waliitii: walisambaa ziwa zima, na kufikia miaka ya 1980 uvuvi wao ulikuwa umekuwa kazi ya maelfu ya watu kutoka Rubavu hadi Rusizi.

Watalii hupenda kuwapiga picha wavuvi wetu magharibi inapoingia. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, watu wanapiga makasia wakiimba, jua linazama upande wa Kongo. Picha haionyeshi kinachofuata. Huko ndani taa zinawashwa, zamani karabai, siku hizi taa za betri, na wavu unashushwa. Vile vijidudu vinafuata mwanga, sambaza wanafuata vijidudu, kisha watu wanauvuta wavu kwa mikono, tena na tena, hadi alfajiri. Usiku wa mbalamwezi kazi ni bure, maana samaki hawaoni sababu ya kuja kwenye taa yako wakati mbingu nzima inawaka. Kwa hiyo mvuvi ana likizo nyingi asizoziomba hata kabla ya hiyo miezi miwili.

Sasa, kufungwa kwa ziwa. Nisieleweke vibaya: siandiki kulipinga. Anayelitazama Kivu kutoka ufukweni huliona kubwa lisilo na mwisho, na kwa kina linafika karibu mita 480. Lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, mita sitini au sabini hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Kuna kaboni dayoksaidi na methani, gesi ile ambayo kiwanda cha bia cha kwetu kilianza kuitumia mwaka 1963. Nyumba ya sambaza ni baraza tu la jengo refu. Na watoto wao hukulia karibu na ufuko, mahali ambapo mtu yeyote mwenye kipande cha chandarua au wavu wa kaningini, ule wenye matundu madogo mno, anaweza kuwakomba kabla hawajafika ukubwa wa kuzaa. Bila kuwapumzisha tutawamaliza. Baba mdogo wangu, ambaye amevua kutoka Rubona kwa miaka zaidi ya ishirini, husema hivyo kwa sauti kubwa kuliko ofisa yeyote.

Ninalolipinga ni hesabu ya nani analipa.

Likizo mbili mfululizo niliombwa na koperative ya baba mdogo niwasaidie kuandika daftari lao, kwa kuwa katibu wao alikuwa mgonjwa. Wenzangu waliopiga makofi ningewapeleka pale mezani, penye harufu ya samaki, wasome pamoja nami. Kuna ukurasa wa mavuno ya kila ekipe, ndivyo tunavyoliita kundi la mitumbwi mitatu na watu wake. Kuna ukurasa wa makato: nyavu, mafuta ya mashua ya doria, mchango wa mwenzao aliyezama. Ndiyo, mashua ya doria. Wanaokesha ziwani Agosti kuwatafuta wezi si polisi peke yao. Wavuvi wa koperative hutoka nao, maana wao ndio wanaojua ghuba gani inafichika na nani ameonekana akishona kaningini nyuma ya nyumba. Nyavu zilizokamatwa huchomwa ufukweni mbele ya watu. Baba mdogo amewahi kusimama kwenye moto huo akitazama wavu wa mtu aliyekua naye ukiungua, na ni yeye aliyeonyesha ulipofichwa. Wawili hao hawasalimiani mpaka leo. Mtu asiyejua kesho hafanyi hivyo.

Halafu kuna ukurasa wa madeni, na huo ndio mrefu. Tazameni kalenda. Ziwa hufungwa kiangazi kinapokaribia kwisha. Mtu akisema “watafute kibarua cha shamba kwa hiyo miezi miwili”, ujue hajawahi kuwa Rubavu mwezi wa nane: mavuno yameisha, udongo umekauka, watu wanasubiri mvua za Septemba ndipo wapande. Na Septemba shule zinafunguliwa. Sare, madaftari, karo, vyote vinadaiwa katika wiki zilezile ambazo mvuvi hana hata samaki mmoja wa kuuza. Katika daftari lile niliona majina ya wanaume waliokopa Agosti wakamaliza kulipa Machi. Wengine hawakukopa koperative, walikwenda kwa mchuuzi, naye humkopesha mvuvi kwa sharti moja: ziwa likifunguliwa, sambaza wako wote ni wangu, kwa bei nitakayosema mimi. Miezi miwili ya kufungwa inazaa miezi sita ya kuvua kwa ajili ya mtu mwingine.

Wala sijawataja wanawake. Mama yangu aliuza sambaza kwa beseni kichwani, akipima kwa kopo, kutoka Rubona hadi mjini kwa miguu. Hakuwa mwanachama wa koperative yoyote kwa sababu hakuwa na mtumbwi wala kasia. Ziwa likifungwa, beseni nalo hulala, lakini hakuna daftari lililoandika hivyo.

Sasa nirudi kwenye sahani yangu. Ilikuwa sherehe ya rafiki, mahali pazuri kando ya maji, na mhudumu alileta sambaza wa kukaanga, limau pembeni, na ile chupa ndogo ya pilipili ya matone. Hawakuwa wakavu waliowekwa akiba tangu Julai. Mtoto wa mvuvi hudanganywi kwa hilo. Walikuwa laini, wadogo kuliko kawaida, baadhi hawazidi ukucha wa kidole gumba. Nilimuuliza mhudumu wametoka wapi. Akatabasamu: “Ng'ambo, dada.” Nikala. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida, nasi tukalipa bila kunung'unika, kwa sababu kitu kinachokatazwa kina utamu wake.

Fikirini ile bei. Mtu mwenye kaningini akiwa na watoto wanne na deni la mchuuzi, kila sambaza anayemtoa majini usiku ule anamletea mara mbili ya halali. Nani aliyeweka bei hiyo? Si yeye. Ni sisi tuliokaa mezani. Akikamatwa, wavu wake unachomwa. Sisi tunaulizwa kama tunahitaji soda nyingine. Ndiyo maana yale makofi ya darasani yaliniuma: waliokuwa wakipiga ni wateja.

Najua jibu litakalokuja, ni lile la mhudumu: ng'ambo. Ziwa ni letu na Kongo, mpaka unapita majini, na sisi tukifunga huku wao wakivua kule tunafanya kazi ya bure. Kuna ukweli ndani yake. Samaki hana kitambulisho cha kuonyesha mpakani. Lakini angalieni jinsi neno “ng'ambo” linavyotumika: Gisenyi kila sambaza wa Agosti ametoka Goma, na ndugu zangu wa Goma wananiambia kwao kila sambaza wa magendo ametoka Gisenyi. Samaki wote wanatoka kwa jirani! Tanzania ilipofunga Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilifanya hivyo kwa kufuata makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa hilo. Wavuvi wa Kigoma walilalamika njaa, kama wetu. Lakini angalau hoja ya jirani ilishughulikiwa mezani, haikuachiwa wahudumu wa baa.

Tena kuna njia ya kufunga isiyomwacha mtu mikono mitupu. Kisiwa Panza, kule Pemba, wanakijiji wenyewe hufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na sehemu iliyobaki wanaendelea kuvua. Siku ya kufungua huwa kama sikukuu. Najua sambaza si pweza. Pweza hukaa mwambani, sambaza hutembea, na huwezi kuchora mstari katikati ya Kivu ukamwambia asivuke. Lakini watoto wa sambaza wako ufukweni, na ufuko unaweza kulindwa mwaka mzima, ghuba kwa ghuba, na watu walewale wa koperative wanaoujua. Tukiulinda ufuko miezi kumi na miwili, pengine hatutahitaji kuwaua wavuvi kwa miwili. Hilo wataalamu walipime. Mimi nasoma lugha, siyo samaki.

Lisilohitaji mtaalamu ni fedha. Katika mkutano mmoja niliouandikia kumbukumbu, mzee mmoja alipendekeza kwamba kila kilo inayonunuliwa na hoteli na baa kati ya Novemba na Julai iongezwe kiasi kidogo, kiingie katika mfuko wa koperative, kigawanywe ziwa likifungwa, na wanawake wa mabeseni wahesabiwe. Mkutano ulikuwa unaruka kutoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili na kurudi, kama kawaida yetu, na nakumbuka alisema sehemu hii kwa Kiswahili ili wachuuzi waliokaa nyuma waielewe vizuri: “Ninyi mnakula mwaka mzima, sisi tunafunga peke yetu.” Wachuuzi walicheka. Pendekezo liliandikwa, kwa mkono wangu, na sijasikia kwamba mtu yeyote nje ya chumba kile amelisoma.

Watu watasema mteja hatakubali kulipa zaidi. Mteja ni mimi. Nimelipa mara mbili ya bei kwa sambaza wa kuibiwa, na tena kwa furaha. Nitashindwaje kulipa kidogo zaidi kwa wa halali?

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wenzangu, na hayahitaji sheria mpya. Kila mwaka mwezi wa nane makundi ya wanafunzi hushuka Gisenyi kupumzika ufukweni. Nimewaona, wengine nimewapokea kwetu. Mkiletewa sambaza laini mezani, warudisheni jikoni. Msimuulize mhudumu wametoka wapi, jibu lake mnalijua tayari. Na kama mtafanya tena mdahalo kuhusu mazingira, mwalikeni mvuvi mmoja. Nauli ya basi kutoka Rubavu nitachangia mimi.

Nilimsomea baba mdogo rasimu ya insha hii kwa simu, nikamtafsiria mahali palipokuwa na Kiswahili cha darasani. Alisikiliza mpaka mwisho. Sehemu ya sherehe ile ilimnyamazisha kwa muda, kwani sikuwa nimewahi kumwambia. Kisha akauliza, “Mwanangu, mlikuwa wangapi pale mezani?” Nikamwambia tulikuwa tisa. “Na sahani?”

Sahani zilikuwa nne.

Akasema wavu mmoja wa kaningini, usiku mmoja, hauhitaji wateja wengi zaidi ya hao. Halafu akaniuliza kama nimeshakula.