USEREMALA NAO UNA TAJWIDI YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi wenzetu, sisi wa darasa la juu tumeona mwaka huu tuandike juu ya ombi letu kwamba madrasa iwe na darasa la useremala kila Alhamisi alasiri, wakati ambapo hatuna masomo. Wapo wazee waliotuunga mkono, na wapo waliouliza: "Tumewaleta watoto kusoma Qur'ani au kuranda mbao?" Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu kwa adabu.

Tuanze na marufaa ambayo kila mmoja wetu huwekea msahafu. Ni ubao mmoja tu, hauna msumari wala gundi, lakini hufunguka ukasimama kwa miguu minne. Fundi huchora vidole vya bawaba katikati ya ubao, akavichonga kwa patasi upande huu na upande huu, kisha akaupasua unene wa ubao kwa msumeno kutoka juu mpaka kwenye bawaba, na kutoka chini vilevile. Akikosea kidogo, marufaa haifunguki au inavunjika.

Likizo iliyopita watatu kati yetu tulimwomba fundi mmoja wa hapa Ujiji atufundishe. Alichonga moja mbele yetu, tukadhani tumeelewa. Tuliposhika patasi wenyewe, ubao wa kwanza ulipasuka kwa sababu tulikwenda kinyume cha nyuzi za mbao. Wa pili ulikataa kufunguka. Wa tatu ulifunguka, ingawa umeinama upande mmoja, na mdogo wetu anausomea mpaka leo.

Hapo ndipo tulipofahamu jambo. Sote tumesoma kitabuni kwamba herufi ya dhadi hutoka ubavuni mwa ulimi, unapogusa magego ya juu. Ni nani kati yetu aliyeipata kwa kusoma tu? Tuliipata kwa kukaa mbele ya mwalimu, tukakosea, akaturudisha, tukakosea tena. Useremala ni hivyo hivyo. Elimu ya mkono hupokewa kutoka kwenye mkono wa mwalimu kama tajwidi inavyopokewa kutoka kinywani mwake. Basi aliyezoea kurudishwa aya moja mara kumi hatashindwa kurudishwa kwenye randa.

Ama wanaoona kuwa kazi hii haistahili watu wa elimu, tunawakumbusha mambo matatu.

Kwanza, katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Pili, Nabii Nuhu (A.S.) aliamrishwa kuunda jahazi, na Suratul Hud inatueleza kuwa wakubwa wa kaumu yake walimkejeli kila walipompitia akiwa kazini. Kumcheka mtu mwenye msumeno mkononi si jambo jipya, na tunajua mwisho wa waliocheka. Tatu, Mtume wetu (S.A.W.) alipohitaji mimbari alimpelekea ujumbe mwanamke mmoja wa Kiansari, ili kijana wake aliyekuwa seremala aitengeneze. Ilikuwa ya daraja tatu, na Bukhari amepokea habari hiyo. Mimbari ya msikiti wa Madina ilitoka mikononi mwa fundi.

Tukirudi hapa kwetu, nenda Kibirizi uone maboti ya mbao yanayobeba abiria, mizigo na wavuvi wa dagaa. Yote yameundwa na mafundi, na usalama wa watu ziwani unategemea ubao ulioungwa vizuri. Misitu yetu ya miombo ina mninga, mbao ambayo ikishakauka vizuri haipindi ovyo na inapendeza kwa samani. Lakini mninga hauoti haraka. Mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mizizi ikijijenga chini, ndipo uinuke kuwa mti. Basi mti wa namna hiyo ukikatwa, kisha fundi asiyejua akatengeneza kiti cha mbao mbichi kinacholegea baada ya miezi sita, huo si uharibifu wa neema? Fundi aliyefundishwa kuchonga ulimi ukaingia sawasawa kwenye tundu lake hutengeneza kiti ambacho wajukuu watakikalia.

Tunajua wapo wenzetu waliomaliza juzuu zote thelathini na leo wanashinda vibarazani bila kazi. Hifadhi yao ni taji, lakini taji halilipi kodi ya nyumba. Wengine hujiunga na karakana za mitaani, na huko mwaka mzima unaweza kupita wakifagia vumbi na kupiga msasa. Sisi tunataka mafunzo ya daraja kwa daraja: kunoa na kupima, kisha kuranda, kisha kuunga, kisha marufaa, halafu kabati la misahafu. Atakayependa kuendelea, VETA ina utaratibu wa kuwapima waliojifunzia ufundi nje ya chuo na kuwapa vyeti. Serikali nayo imeanza mkondo wa amali katika baadhi ya shule za sekondari tangu mwaka 2024. Kwa nini madrasa zibaki nyuma?

Wazee wanaohofia gharama, hatuombi mashine. Misumeno miwili, randa mbili, patasi chache, skwea, jiriwa moja na jiwe la kunolea vinatosha kuanzia, na mabaki ya mbao karakanani si haba. Wanaohofia vidole vya watoto, tunakubali kuwa patasi butu na mwanafunzi mwenye papara ni hatari. Ndiyo maana somo la kwanza liwe kunoa, na asiwepo mtoto kazini bila fundi. Wanaohofia hifadhi, tunaweka sharti wenyewe: asiyetoa hifadhi yake ya wiki asiruhusiwe kushika randa. Na dada zetu wapewe siku yao, kwani vipimo na subira havikuumbwa kwa wavulana peke yao.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tukunjeni sasa, wazazi wetu na walimu wetu, kwa Kitabu na kwa kazi, ili kesho tusije kuwa mzigo kwa mtu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono yetu na atupe rizki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.