Kimbunga cha Isikizya hakina jina

Nipo zangu Isikizya, makao makuu ya wilaya yetu ya Uyui, mawingu yameanza kujikusanya. Juzi kijiweni mshikaji mmoja kajigamba kwamba vimbunga ni mzigo wa watu wa pwani, sisi wa bara tule raha.

Nusu kasema kweli. Kimbunga kinakula joto la maji ya bahari, kikipanda nchi kavu kinaishiwa pumzi. Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia, boti za Dar na Zanzibar zikasimama, kisha kikafifia. Hata kile cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi, kilimkuta mzee Livingstone kakaa Kwihara ndani ya tembe, anangoja wapagazi, wala hakuguswa.

Lakini bati la jirani yangu halikuchukuliwa na Hidaya. Liliondoka Novemba 2024, mvua za kwanza, saa kumi jioni. Ule upepo wa radi unaoshuka ghafla kabla ya tone la kwanza, vumbi jekundu, dakika kumi kwisha. Mabati matatu yakatua pale pale watoto wanapochezea. Mama yao alikuwa ndiyo kwanza kawaita ndani! Sofa mpya na televisheni vikaoga. Wa pwani kimbunga chao kina jina, redio inakitangaza siku kadhaa kabla. Wa kwetu haupigi hodi.

Nikamfuata fundi mmoja mtu mzima, nijue kwa nini nyumba ile na si ya pembeni. Kumbe paa halisukumwi, linanyanyuliwa. Upepo ukipita juu unalivuta, na ukikuta mlango wazi unaingia na kulisukuma kutoka chini. Kwa hiyo dada yangu, ukiona vumbi linasimama, funga milango na madirisha kwanza, nguo za kambani baadaye.

Kazi yenyewe lakini ni ya kiangazi. Mbao inayolala juu ya ukuta ifungwe kwa waya mnene uliojengewa ndani ya ukuta, kozi kadhaa chini. Kuigongelea misumari tu ni kuzuga. Pembeni mwa paa misumari ya bati ikaribiane, maana bati huanza kufunguka ukingoni. Na hayo mawe na matairi mliyopanga juu, shusheni. Upepo ukiyabeba hayachagui kichwa.

Vijana wa mjini tunabana hela ya waya ili tununue redio kubwa. Haya, redio itasikilizwa na nani nyumba ikiwa wazi kama uwanja wa mpira? Tena miti mingi huku imeishia kukaushia tumbaku, upepo unatujia bila kizuizi.

Wanaume nao, bati likianza kupiga kelele, wanatoka kwenda kulishikilia. Kaka, bati linaloruka linakata kama panga. Kaa ndani, mbali na dirisha, kwenye kona ya chumba kidogo. Ukikutwa njiani, usikimbilie chini ya mwembe. Miembe ya njia ya misafara ina kivuli kitamu, ila radi nayo inaipenda.

Mama mwenye nyumba wangu kakubali kununua waya. Kasema nyundo nitafute mwenyewe, na kodi haipungui hata senti.