Mbuzi ya Nazi Kona Baridi



Hivi karibuni tulikaribishwa chakula na jamaa zetu wanaoishi Kona Baridi, pale ambapo barabara ya Magadi, ukishapita Kiserian, huanza kuteremka bondeni. Mama mwenye nyumba ni mzaliwa wa Lamu. Kwenye ukuta mmoja wa sebule amepanga vitu vya marehemu bibi yake: mbuzi ya nazi, chetezo, mrashi wa shaba, kata ya kifuu na kinu kilichopasuka. Majirani zake Wamaasai huja kuvitazama, naye huwaeleza matumizi yake. Nao wamemletea vibuyu vyao vya maziwa vilivyochakaa, akavipanga papo hapo. Imekuwa makumbusho ndogo bila ya mtu kukusudia.

Tulipokuwa tukinawa mikono, bintiye alituuliza kwa adabu: "Maalim, mama akiondoka, vitu hivi vitakuwa vya nani?" Mama alinyamaza. Swali lile tumerudi nalo pwani.

Wamepita nchini mwetu wakusanyaji wawili ambao habari zao zinatosha kuwa funzo. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya na ambaye mama yake alikuwa Mmaasai, alikusanya vitabu, nguo, mapambo na kazi za mikono za Waafrika. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyo wake, akitaraji kwamba nyumba ile itakuwa kituo cha utafiti. Nyumba ilikuja kubomolewa. Vitu vingi vilisalimika, na leo hutazamwa katika Nyaraka za Taifa na Nairobi Gallery, lakini paa alilovikusudia halipo.

Wa pili ni Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyeishi Kitale. Alikusanya wadudu, wanyama na vitabu, na mwaka 1926 akaufungua mkusanyo wake kuwa makumbusho ya binafsi. Alipofariki mwaka 1966 ilibainika kwamba ameliusia taifa la Kenya vitu hivyo pamoja na fedha za kujengea nyumba ya kuvihifadhi. Makumbusho ya Kitale ilifunguliwa Desemba 1974, na ingali ipo.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili zamani. Aliyejenga msikiti aliuwekea wakfu duka au shamba la minazi, ili mapato yake yanunue mafuta ya taa na mikeka. Walijua kwamba kitu kisichoandaliwa matunzo hakidumu.

Basi jibu la swali la binti yule ni hili. Mama asipofanya lolote, vitu vyote ni mirathi: vitagawanywa, na huenda vikauzwa. Akitaka kumpa mwanawe mmoja, ampe kwa hiba angali hai, na achunge uadilifu baina ya watoto wake. Asitegemee wasia, kwa kuwa mrithi hausiwi ila warithi wenziwe waridhie. Kwa asiyekuwa mrithi, kama madrasa au makumbusho, wasia unajuzu usiozidi thuluthi ya mali. Na akiviweka wakfu, havitauzwa wala kurithiwa. Madhehebu yetu ya Shafi yanajuzisha kuwakifu vitu vya kuhamishika, maadamu vinanufaisha na vyenyewe vinabaki. Lakini amteue msimamizi, na aweke chochote cha kuvitunzia.

Nia nayo isafishwe. Tusivihifadhi kwa fakhari ya ukoo, wala tusivitukuze kana kwamba vina baraka za kuombwa. Tunavihifadhi ili watoto wajue waliowatangulia waliishi vipi, na elimu yenye manufaa ni katika amali zisizokatika mtu anapokufa.

Tulimpigia simu mama yule tukamweleza hayo. Akatuambia kwamba bintiye amekwisha kuchukua daftari na kuandika jina la kila kitu, kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani. Alipofika kwenye mbuzi, aliuliza ni nani aliyeichonga. Mama hakujua. Imebidi apigiwe simu mama mkubwa wa Lamu, mwenye zaidi ya miaka themanini, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa kuulizwa.

Nasi tuwaulize wetu wangali hai. Wabillahi tawfiq.