Askari Akirudi, Pumzi Yake Ipimwe

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, leo nawaomba tuzungumze juu ya vijana wetu waliotumwa kulinda amani katika nchi za watu, wakarudi hai na viungo vyao vyote salama, lakini wanakohoa. Aliyeuawa kazini tunampokea kwa heshima, tunamzika na kumwombea. Aliyepigwa risasi hupewa kitanda na kutibiwa. Ila huyu aliyerudi na pua iliyoziba, paji la uso linalomgonga kila asubuhi na kifua kinachombana akipanda kilima, tunamwambia, "Ni mafua hayo, afande, yatakwisha." Mwaka unapita, hayajakwisha. Shauri langu ni moja nami nitalitetea hadi mwisho: kila askari anayekwenda ng'ambo apimwe pua na mapafu kabla ya safari, apimwe tena akirudi, majibu yaandikwe, na nakala akae nayo mwenyewe.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Mara kuliko wengi, kwa maana mkoa wetu umelipa jeshi watoto wake tangu enzi za mkoloni. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama wa mwaka 1920, alijiunga na King's African Rifles mwaka 1942 akapelekwa Madagaska. Katika vita vya Kagera aliiongoza Divisheni ya 20 iliyosonga hadi Kampala mwaka 1979, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Nyuma yake wako maelfu wasiojulikana majina, wazee wa Kizanaki, Kijita, Kiikizu na Kikurya waliovaa gwanda, na baada yao wajukuu wao wamelivaa Darfur, Kongo, Lebanoni na Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Wazee hao walituachia funzo ambalo tumelisahau. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, huko Burma, katikati ya mvua na malaria. Ilikuwa sehemu ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim. Slim aliandika kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa majeraha, askari 120 waliondolewa kwa maradhi. Alifanyaje? Aliagiza kila mtu ameze dawa ya kinga, akawapima askari kwa kushtukiza kuona kama kweli wamemeza, na kamanda ambaye watu wake walionekana hawajameza aliweza kupoteza cheo. Malaria ikashuka. Jeshi lile lilishinda ugonjwa kwa sababu liliuhesabu, na kwa sababu mkubwa aliwajibishwa kwa afya ya mdogo. Ikiwa hilo liliwezekana msituni, katikati ya vita, zaidi ya miaka 80 iliyopita, linatushindaje leo?

Tutazame basi hewa wanayoivuta vijana wetu huko waendako. Darfur, ambako misheni ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika ilikaa tangu mwanzo wa 2008 hadi mwisho wa 2020, ni nchi kavu. Kabla ya masika yao huvuma tufani la vumbi linaloitwa habubu, ukuta mwekundu unaofunika mchana ukawa jioni. Askari wa doria hulivuta akiwa juu ya gari, na gari lililo mbele yake humwongezea jingine. Tunakumbuka kwamba tarehe 13 Julai 2013 Watanzania saba waliuawa karibu na Khor Abeche. Wenzao waliobaki waliendelea kuivuta hewa ile ile hadi zamu yao ilipokwisha.

Mashariki ya Kongo kuna mambo mengine. Azimio namba 2098 la Umoja wa Mataifa la Machi 2013 liliunda Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, nasi tukapeleka kikosi pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Juu ya mji wa Goma unasimama mlima Nyiragongo, volkano iliyolipuka mwaka 2002 na tena Mei 2021, na ambayo hutoa gesi ya salfa hata siku isiyolipuka. Gesi hiyo huwasha macho, hukereketa koo na kumbana mwenye pumu. Porini, ambako tarehe 7 Desemba 2017 tulipoteza vijana wetu katika shambulio la Semuliki, kuna unyevu, ukungu na moshi wa kuni. Kisha kambi yoyote ya askari ina jenereta za dizeli zinazonguruma usiku kucha, na penye watu wengi pana taka, na taka zisipopata pa kwenda huchomwa.

Sasa hewa hiyo humfanya nini mtu? Pua ndiyo lindo la kwanza la mwili. Ina nywele za kuzuia vumbi kubwa, ute wa kunasa lililo dogo, na vijinywele visivyoonekana kwa macho ambavyo huusukuma ute huo hadi kooni. Ndani ya mifupa ya uso, kwenye paji, mashavuni na katikati ya macho, kuna vyumba vya hewa ambavyo madaktari huviita sainasi, na milango yake ni myembamba sana. Vumbi kavu na moshi hukausha ute na kuvilegeza vijinywele. Milango inavimba, inaziba, ute unakwama ndani na vijidudu vinazaana. Hapo ndipo mtu huanza kuumwa uso akiinama, kupoteza harufu ya chakula na kutokwa na makamasi mazito. Wengine huumwa meno ya juu hata wakang'olewa jino zima lisilo na kosa. Hali hiyo ikizidi wiki 12, daktari haiiti tena mafua. Ni ugonjwa sugu unaohitaji matibabu yake.

Chembe ndogo zaidi hupita lindo hilo. Zile za moshi wa dizeli na taka, ambazo unene wake haufiki hata sehemu ya 20 ya unywele, hushuka hadi mwisho wa mapafu. Huko zinaweza kuamsha pumu kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuugua utotoni, au kuacha makovu katika vijia vya hewa vilivyo vidogo kabisa. Tena pua na kifua ni njia moja: pua isiyotibiwa huichochea pumu, na mwenye pumu na pua mbovu apewapo dawa ya kifua peke yake huenda asipate nafuu kamili.

Walioacha kuhesabu, yaliwapata yapi? Marekani ilipigana Afghanistan tangu 2001 na Iraki tangu 2003. Kambini walichimba mashimo wakachoma humo plastiki, betri, rangi na takataka za hospitali, na shimo la kambi ya Balad lilikuwa miongoni mwa makubwa kuliko yote. Mwaka 2003 kiwanda cha salfa cha Al-Mishraq, karibu na Mosul, kiliungua kwa wiki kadhaa, na askari wakavuta moshi wake. Waliporudi, vijana waliokuwa wakimbiaji hodari walishindwa kumaliza mbio za majaribio. Walipigwa picha za kifua, zikaonekana safi. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwachunguza askari 80 wa namna hiyo. 49 walikatwa kipande kidogo cha pafu, na 38 kati yao walikutwa na makovu katika vijia vidogo vya hewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Hata hivyo ilibidi wajane na wagonjwa wagonge milango miaka mingine 11. Tarehe 10 Agosti 2022 ndipo iliposainiwa sheria iliyopewa jina la Sajini Heath Robinson, aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Sheria hiyo inakubali pumu iliyoanza baada ya utumishi, ugonjwa sugu wa sainasi, mafua sugu na makovu yale ya mapafu kuwa maradhi ya kazi kwa askari waliohudumu katika maeneo hayo, bila kumdai mgonjwa athibitishe moshi gani ulimdhuru siku gani.

Sisemi kwamba kila aliyetoka Darfur au Goma ana makovu hayo. Nasema kwamba taifa tajiri, lenye hospitali kila pembe, lilichukua karibu miaka 20 kuwakubali wagonjwa wake kwa sababu halikupima mapema wala kuandika vizuri. Sisi tuna nafasi ya kujifunza bila kulipa gharama hiyo.

Atakuja mtu aniambie, "Huku kwetu nani hana mafua? Upepo wa ziwa, jikoni kuni, barabarani vumbi." Ni kweli, na ndiyo maana nataka askari apimwe kabla ya kuondoka. Ukijua alivyokwenda, utajua alivyorudi. Mwingine atasema kupima kila mtu ni gharama. Kipimo cha kupuliza hewa ni chombo cha kushika mkononi. Askari hujaza kifua, hupuliza kwa nguvu, na chombo huandika kiasi cha hewa na kasi yake. Safari ya ndege ya kikosi kizima ni ghali mara nyingi kuliko chombo hicho. Wa tatu atasema mambo ya jeshi ni siri. Silaha na mipango ya vita iwe siri. Pumzi ya baba wa watoto wanne haina siri ya kumpa adui.

Kuna hatari nyingine ambayo ni yetu wenyewe. Askari akistaafu hurudi nyumbani, na nyumbani kazi ni zipi? Wengine huingia machimboni Buhemba, kwenye mashimo yaitwayo maduara na mashine za kusaga mawe ziitwazo karasha, wakivuta vumbi la mawe lenye silika. Wengine hupata kibarua kwenye viwanda vya kuchambua pamba Bunda, au hukaa ufukweni wakibanika samaki kwa moshi. Mapafu yaliyokwisha kuchoka yanabebeshwa mzigo wa pili. Vumbi la silika huyatia mapafu makovu yasiyoondoka, na humfanya mtu aambukizwe kifua kikuu kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo aliyerudi na kifua kibovu aambiwe waziwazi: duara si mahali pako, na kama huna budi, mawe yamwagiwe maji kabla ya kupasuliwa.

Sasa nigawe wajibu. Wewe kijana uliyerudi, usijione mnyonge kwa kusema unaumwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi kwanza, kwa kuwa kifua kikuu kipo, kinatibika kwa dawa za bure, na kwa kawaida humalizwa kwa miezi sita. Usipokutwa nacho, usikubali kuishia hapo. Omba kipimo cha kupuliza hewa na uchunguzi wa pua. Ukikohoa damu, ukikonda bila sababu, au jicho likivimba pamoja na maumivu ya uso, usingoje kesho. Acha sigara. Usiishi kwa matone ya dukani ya kufungua pua, maana yakitumiwa zaidi ya siku chache huizibisha upya. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa husaidia wengi, na daktari anazo dawa za kupuliza zinazotuliza uvimbe.

Nanyi mama zetu na dada zetu, ninyi ndio mnaomsikia usiku akikoroma na kuamka akitafuta hewa. Msimpe mvuke wa majani mkaona yameisha. Mshikeni mkono mwende naye. Hata jiko lenu lihamishwe mbali na pale anapolala. Waganga wa zahanati na vituo vya afya, mgonjwa anayekohoa mwulizeni alikuwa wapi na alifanya kazi gani, mkaandike jibu kwenye cheti chake. Asiyepata nafuu asizungushwe kwa antibayotiki ya tatu na ya nne. Apelekwe Hospitali ya Rufaa pale Kwangwa, na ikibidi Bugando.

Kwenu makamanda na serikali, neno langu ni la heshima lakini halina kona. Umoja wa Mataifa una utaratibu wa fidia kwa mlinzi wa amani aliyefariki au kupata ulemavu kutokana na kazi, kwa jeraha au kwa maradhi, na fidia hiyo hupitia serikali yake. Dai bila cheti cha daktari halisimami. Mkimnyima askari kipimo leo, mmemnyima haki yake ya kesho. Basi pimeni kabla na baada, rudieni mwaka mmoja baadaye, maana maradhi haya hayana haraka, na mfuateni hata baada ya kustaafu. Wapeni barakoa zinazokinga vumbi, wekeni jenereta upande usioleta moshi kwenye mahema, na katazeni kuchoma plastiki kambini. Wabunge wa Mara, ulizeni jambo hili bungeni, mkidai jibu la maandishi.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tutawakumbuka tena waliokufa, na ni haki yao. Siku hiyo hiyo kila kikosi kilicho na watu waliotoka ng'ambo kitangaze wangapi wamepimwa na wangapi bado, na kila mzazi wa Musoma, Bunda na Butiama aliye na mtoto jeshini amwulize mtoto wake: cheti chako kiko wapi? Asiye nacho akakitafute wiki hiyo hiyo.